Chozi la Senti Kumi

Kila jalada lina mwanamke anayelia.
Halii kwa kamasi kama sisi wengine;
analia chozi moja, safi, la mviringo,
limening'inia shavuni kama hereni iliyopotea njia.
Nyuma yake mwanamume mwenye taya la jiwe
anamkumbatia mwingine,
na mwezi, daima mwezi, njano yake imevuka mpaka
kwa sababu mitambo ya mwaka hamsini na tatu ilikuwa na papara.

Ninayo mia nne na kumi na mawili,
kila jarida na mfuko wake wa plastiki na kadibodi mgongoni,
katika chumba cha chini cha nyumba yetu mjini Moline
tulikokuwa tukiweka viazi na magongo ya hoki ya watoto.
Marlys, mke wangu, akishuka kufua hunitania:
"Orrin, wanawake wote hao,
na hakuna hata mmoja wa kukunja shuka?"

Wenzangu husaka mashujaa wanaopaa angani.
Mimi nimechomelea matrekta miaka thelathini na mmoja.
Sijaona mtu akipaa.
Kulia kwa siri nimekuona:
chooni, kwenye maegesho, ndani ya kofia ya kuchomelea.

Basi Februari moja, katika ukumbi wa zimamoto wa Davenport,
ng'ambo ya mto, barafu ikigonga nguzo za daraja,
Delbert Rasmussen akanisukumia moja kwa dola mbili.
"Bovu hilo," akasema. "Mtoto kalichorachora."
Bibi wa gauni jekundu, mkono kwenye paji la uso,
na kiputo cha maneno: *Bila yeye mimi si kitu!*
Penseli ilikuwa imekata mstari juu ya hayo,
na chini yake, kwa mwandiko uliolalia kushoto:
*Nimesahau kuzima jiko.*
Pembeni, jina: Verna Stuckey, darasa la sita.

Nilicheka hadi Delbert akapandisha bei.

Tangu siku hiyo sitafuti tena
kingo kali, rangi zisizopauka, pini zisizo na kutu.
Natafuta uharibifu.
Nimempata Verna huko Peoria, ndani ya sanduku la vifuniko vya mitungi.
Nimempata Dubuque, kwa mjane aliyekuwa akiuza kila kitu hadi mapazia.
Msichana dirishani, mvua, barua mkononi:
*Wamenikubali chuo cha unesi.*
Mwingine kapiga magoti mbele ya mlango uliofungwa:
*Ufunguo uko chini ya zulia, mjinga wewe.*
Bibi harusi peke yake kanisani:
*Basi keki yote ni yangu.*

Marlys aliniuliza kwa nini simtafuti mwenyewe,
kwenye vitabu vya simu, au, umri ukihesabiwa, makaburini.
Nikamwambia: mtu akikunong'oneza
humwashii taa usoni.

La saba nililipata Oktoba.
Halina jina. Halina utani.
Tarehe yake ni ya miaka miwili baadaye;
angekuwa na kumi na minne.
Nilijuaje ni lake? Sijui. Nilijua.
Mwanamke peke yake, hata mwanamume hana,
macho yamemkazia aliyetoa senti kumi.
Maneno yake yameachwa kama yalivyochapwa.
Ila chozi limesuguliwa kwa raba,
likasuguliwa tena, na tena,
hadi karatasi ikatoboka:
tundu dogo, kama punje ya mtama.

Marlys alivaa miwani,
akalishika chini ya balbu, juu ya mashine ya kufulia.
Tunduni ulionekana ukurasa wa ndani, tangazo,
wino wa buluu, viatu vya kutelezea.
"Ni gurudumu," akasema hatimaye.
Mashine ikaanza kukamua, sakafu ikatetemeka,
jalada likatetemeka mkononi mwake,
na kwenye shavu la yule mwanamke
nikadhani nimeliona likizunguka.